Chuma Kinapochungulia Katika Pembe ya Ukuta

Katika sehemu zote za nyumba hakuna inayopata taabu ya kila siku kama pembe ya ukuta inayotokeza nje, ile ambayo kabati hupitishwa kando yake, ndoo hugongwa nayo, watoto huizunguka mbio wakiishika kwa mkono, na kila ahamishaye kitanda kutoka chumba hiki kwenda kile huiachia alama ya mpito wake. Kwa sababu hiyo wajenzi wa zama zetu wamezoea kuitia pembe hiyo bati jembamba lililopakwa zinki, lenye ncha ya duara katikati na mbawa mbili za wavu zinazolala huku na huku chini ya lipu, ili mapigo yapokewe na chuma badala ya mchanga na saruji. Chuma hicho, ambacho mafundi wetu hukiita kwa wepesi chuma cha kona, kikiwekwa vema hukaa miaka mingi bila ya kuonekana. Na siku kinapoonekana, kimechungulia kwa urefu wa shibiri au dhiraa, lipu imepasuka pande zake mbili na uvumbi wa kahawia umeanza kuteremka juu ya rangi, mwenye nyumba aghalabu hutuma mtoto dukani kununua puti, akaijaza mahali palipobomoka, akapiga msasa, akapaka rangi, na kabla ya masika ya pili kwisha akaiona pembe ile ile imepasuka tena, pana kuliko mwanzo.

Kazi ya kuitengeneza pembe kama hiyo huanza kwa kuibomoa zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoingiwa na hofu, kwa kuwa mtu aliyeitiwa ufa wa shibiri moja haoni raha kuona tindo ikipanda mpaka kwenye swichi ya taa. Walakini hakuna njia nyingine ya kujua chuma kimefikwa na nini, wala hakuna dawa moja inayofaa kwa maradhi yote mawili yanayokipata.

Kabla ya hayo, tazama kwanza ni chuma gani kilichojitokeza. Chuma cha kona ni bati jembamba, lina matundu au wavu, na mbawa zake ukizibonyeza kwa kidole gumba hupinda. Ukiona badala yake chuma kinene cha mviringo, chenye mistari ya kukwaruza, kimezungukwa na zege lenye kokoto, basi hiyo ni nondo ya nguzo. Weka mwiko chini, usiifunike, umwite mhandisi aje aitazame, maana nondo hiyo ndiyo iliyobeba nyumba, na haya nitakayoyaeleza hayaihusu hata kidogo.

Ikiwa ni chuma cha kona kweli, jambo la kupambanua ni kama kimetokea kwa pigo au kwa kutu. Pigo huvunja mahali pamoja, aghalabu baina ya goti na kiuno. Chuma huwa kimebonyea au kupinda, lakini kingali na weupe wake wa kijivu, na lipu inayolizunguka tundu, ukiigonga kwa mpini wa nyundo, hutoa sauti nzito ya kitu kilichoshikamana. Kutu ina dalili zake mbali: nyufa mbili zilizosimama wima, moja kila upande wa pembe, umbali wa vidole viwili au vitatu kutoka ncha, zikiufuata ukingo wa mbawa kana kwamba mtu kazichora kwa rula, doa la kahawia linalopenya katika rangi hata baada ya kufutwa, na sauti ya utupu unapogonga. Aghalabu huanzia chini, pale maji ya kudeki yanapofika kila asubuhi, au katika ukuta wa bafu, au upande wa nyumba unaotazama bahari. Pembe iliyopigwa kwanza ikapasuka, kisha maji yakaingia katika mpasuko, ihesabu pamoja na zile za kutu.

Yafaa msomaji ajue kwa nini bati lililopakwa zinki, na likauzwa kwa sifa hiyo, hatima yake ni kuoza. Tangu Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hataza ya kukichovya chuma katika zinki mwaka 1837, faida ya ufundi huo imekuwa ni hii, ya kwamba zinki huliwa kwanza na chuma kikabaki salama, hata mahali palipochubuka kidogo, maadamu ingali zinki ya kutosha kando yake. Walakini zinki ni akiba, na kila akiba ina mwisho wake. Hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja huila kwa haraka kuliko hewa kavu ya Dodoma, na mchanga uliochotwa ufukweni na kutiwa katika lipu bila ya kuoshwa huiletea chumvi hiyo mpaka kitandani. Tena yuko adui wa tatu ambaye watu hawamdhanii, naye ni fundi mwenyewe: mwiko wake wa chuma unapopita mara nyingi juu ya ncha, na msasa wake unapoisugua ili ing'are, huondoa ile zinki nyembamba hasa pale ambapo lipu haipo ya kuikinga. Na kutu ikishaingia, haikai mahali pake kwa utulivu, kwa kuwa chuma kilichogeuka kutu huvimba kikashika nafasi mara 2 hadi 6 ya ile kilichokuwa nayo, na lipu, ambayo ni hodari wa kubeba uzito lakini dhaifu wa kuvutwa, haina hila ila kupasuka.

Kuna jambo jingine katika mlango huu ambalo ndilo linaloifisha kazi ya puti. Saruji mbichi ina ukali wa namna ya magadi, na ukali huo, ghairi ya chumvi, hukifanyia chuma utando unaokizuia kutu kwa miaka. Jipsamu haina ukali huo, nayo hunyonya maji na kuyashika. Kwa hiyo kuikandika puti ya jipsamu juu ya chuma chenye kutu, katika ukuta unaopata unyevu, ni kukivika chuma hicho kitambaa kibichi.

Pembe iliyopata pigo tu, na chumba ni kikavu, haina mashaka makubwa. Ondoa kila kipande cha lipu kinachocheza, kisha weka ubao mnyoofu uliogusa ukuta mzima juu na chini ya tundu, utazame kama chuma kimetokeza nje ya mstari au kimeingia ndani. Kilichoingia ndani kidogo, na mbawa zake zingali zimeshikwa, kiache kama kilivyo; usijitie kukivuta kwa koleo hadi kirudi kama kilivyotoka kiwandani, kwani katika kukivuta utang'oa na kile kilichokuwa kimetulia, na ufa utapanda kufika dari. Kilichotokeza nje kigongwe kwa utaratibu, kipande cha mti kikiwa baina yake na nyundo, mara upande huu, mara upande wa pili, mpaka kirudi nyuma ya mstari wa ubao. Makali yaliyochanika yasuguliwe kwa tupa, na palipochubuka pakapakwa rangi ya kuzuia kutu. Hapo puti yatosha, kwa matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likauke kabla ya lijalo.

Ikiwa ncha yenyewe imechanika au imejikunja, kata kipande hicho kwa msumeno wa chuma juu na chini ya dosari, ukiacha pande zilizo nzima, na upachike kingine cha urefu ule ule. Shida ya kipande cha kupachikwa ni kwamba maungio yake hayakai sawa, ncha moja hukaa mbele ya nyingine kwa unene wa ukucha, na jicho la mgeni huuona ukucha huo kila aingiapo sebuleni. Dawa yake ni rahisi na mafundi wazuri wanaijua: ncha ya chuma cha kona ni mwanzi mtupu, basi chukua msumari mwembamba wenye zinki, ukate kichwa, uchomeke nusu katika ncha ya zamani na nusu katika ncha mpya, nazo zitasimama katika mstari mmoja bila ya kushikwa.

Ama pembe ya kutu, hiyo yataka moyo. Kata lipu kwa grenda pande zote mbili, nje kidogo ya zile nyufa, ukiinamisha kisahani ili tundu liwe pana nyuma na jembamba mbele, maana lipu mpya itajifunga humo. Kabla ya kukata, tazama swichi na soketi zilizo karibu, kwa kuwa waya aghalabu huteremka wima ndani ya ukuta, na mafundi wengi wa umeme hupenda kuupitisha karibu na pembe. Zima umeme wa upande huo. Funga pua na mdomo kwa barakoa na uvae miwani, kwani vumbi la mchanga lililosagwa laini hivyo hudhuru mapafu. Kisha bomoa kwa tindo, ukifuata chuma kwenda juu, mpaka uikute zinki safi isiyo na doa, na hapo usisimame. Ongeza shibiri moja zaidi. Shibiri hiyo ndiyo inayopambanua tengenezo la mwaka mmoja na la miaka mingi, kwa sababu kutu hutambaa chini ya zinki kupita macho yako yanapofika, na mahali unapopaona salama leo pengine pamekwisha kuanza.

Chuma kilichofunuliwa kikiwa kina kutu ya juu juu tu, na mbawa zake hazijatoboka, kisugue kwa brashi ya waya mpaka kimetemete, kifute vumbi, ukipake rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili pamoja na nyuma ya ncha unakofika kwa brashi nyembamba, na ukiache kikauke barabara. Lakini bati linalokatika vidoleni hakuna rangi itakayolifufua. Kata, tupa, weka jipya.

Jipya la namna gani? Hapa rai yangu haitapendwa na mafundi wengi. Kwa chumba kikavu, bati la zinki linatosha. Lakini kwa pembe za nje katika miji ya pwani, kwa bafu, na kwa kila pembe inayofikiwa na maji ya kudeki, mimi ningeweka ile ya plastiki, ambayo huchekwa madukani kwa wepesi wake, nayo ni dhaifu kweli kabla ya kufunikwa, ila ikishashikwa na lipu pande mbili haihitaji nguvu zaidi, na kutu haijui njia ya kuipata. Chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko zote mbili, lakini bei yake huwashinda wengi. Alumini iepuke mahali pa saruji mbichi, kwani ukali ule ule unaokilinda chuma huila alumini. Na iwayo yote utakayoichagua, isifike sakafuni: ikate iishie upana wa kidole juu ya vigae, ili maji yasipate ngazi ya kupandia.

Mchanga uwe wa mtoni au uliooshwa. Kuujua udongo uliomo, tia kiasi cha chupa nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uuache hata asubuhi. Mchanga hutulia chini na udongo hufanya tabaka juu yake, na tabaka hilo likiwa nene mchanga huo haufai kwa lipu. Jaribio hili halifichui chumvi, kwa kuwa chumvi huyeyuka, basi kwa hiyo waulizwe wauzaji umetoka wapi, na wakisitasita, uoshwe. Kipimo cha saruji ni ndoo 1 kwa ndoo 4 za mchanga. Kuzidisha saruji kwa kudhani kwamba pembe itakuwa ngumu zaidi ni kosa la kawaida, maana lipu yenye saruji nyingi hujikunja ikikauka na kujibandua na ile ya zamani iliyo laini kuliko hiyo. Kwa pembe moja huna haja ya mfuko wa kilo 50. Maduka ya mtaani hupima kwa kilo, na kilo chache zatosha. Changanya kadiri utakayoitumia katika muda wa saa moja, na iliyoanza kuwa ngumu ndani ya karai usiilainishe kwa maji, bali uitupe.

Loanisha tundu lote mpaka ukuta uache kunywa maji kwa pupa, lakini usiuache ukichuruzika. Bandika madonge ya lipu pande mbili za pembe, moja kila baada ya nusu mita au karibu, uvisukumizie vipande vya chuma kipya juu yake hata lipu ipenye katika wavu, na hapo utazame kwa ubao. Mafundi wanaopenda kazi yao huwahi kushika timazi, na katika pembe nzima inayotengenezwa kutoka sakafu hadi dari timazi ndiyo hakimu. Lakini ukipachika kipande katikati ya pembe ya zamani, timazi itakudanganya, kwa kuwa kuta chache mno zimesimama wima kweli, na kipande kilichonyooka kabisa ndani ya pembe iliyoinama ndicho kitakachoonekana kimepotoka. Fuata pembe iliyopo. Weka ubao juu ya ukuta wa kulia, kisha wa kushoto, na ncha iguse ubao pande zote mbili bila ya kuuinua.

Madonge yakishashika, paka uji wa saruji katika tundu, na ungali mbichi ukandike lipu juu yake kwa kuisukuma, wala usiipake kama siagi. Unene wa tabaka moja usipite milimita 12 hivi; tundu likiwa na kina zaidi, jaza kwanza tabaka la chini, likwaruze kwa ncha ya mwiko likiwa bichi, uliache liwe gumu hadi kesho yake ndipo uweke la juu. Sawazisha kwa ubao mnyoofu unaopanda kwa mwendo wa msumeno, mwisho wake mmoja ukiegemea ukuta wa zamani na mwingine ncha ya chuma. Kisha ngoja. Bonyeza kwa kidole gumba: kikizama, bado, kikiacha alama hafifu tu bila ya lipu kuganda kidoleni, sugua kwa ubao wa kusugulia kwa mizunguko midogo, na ncha ya chuma uifute kwa sponji bichi, usiipitishie mwiko wa chuma.

Mtu asiye na chuma cha kona kabisa, au aliyeamua kukiacha, aweza kuijenga pembe kwa njia ya kale: ubao mnyoofu hushikizwa upande mmoja, ukingo wake umetokeza kwa unene wa lipu, upande wa pili ukajazwa mpaka ukingo huo, lipu ikishika, ubao huondolewa kwa kuuteleza pembeni, kwani ukiubandua kwa kuuvuta utatoka na pembe yote, kesho yake ubao huhamia upande uliokwisha, ukajazwa wa kwanza. Pembe ya namna hii isiachwe kali. Isuguliwe iwe na mviringo wa kiasi cha kidole, nayo itastahimili ndoo nyingi.

Lipu mpya ikaushwe polepole. Kwa siku 3 kwa uchache, na 7 ikiwa nje, iwekewe gunia bichi na kunyunyiziwa asubuhi na jioni, kwani kipande kidogo hukauka upesi kuliko ukuta mzima, na upepo wa kaskazi huweza kukitoa maji mchana mmoja kikabaki unga. Rangi ya mafuta ingoje takriban mwezi, sababu ukali wa saruji mbichi huigeuza sabuni ikamenyeka. Na ncha yo yote ya bati iliyobaki wazi ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya maji, la sivyo doa la kahawia litapenya.

Yote haya nimeyasema kwa nyumba za matofali na saruji. Anayekaa katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, au za Lamu, iliyofuata mwaka 2001, akiona chuma cha kona kinachungulia ajue kwamba aliyemtangulia alikiweka mahali pasipo pake. Kuta hizo nene hupandisha unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake na kuisukuma, na chuma kikaoga humo mwaka mzima. Dawa ni kuondoa chuma pamoja na saruji iliyokishika, na kurudisha chokaa iliyozimwa, kipimo 1 kwa mchanga 3, kwa matabaka membamba yanayopishana siku kadhaa, na pembe ikasuguliwa mviringo kama ilivyokuwa. Chokaa huunguza macho, basi miwani isivuliwe. Na kwa kuwa nyumba hizo zina mamlaka ya kuzihifadhi, ruhusa yao iombwe kabla ya nyundo ya kwanza.

Mwisho, wengi wa wasomaji hawatashika mwiko wenyewe bali watamwita fundi, na fundi wa kulipwa kwa kazi nzima ana kila sababu ya kufunika upesi. Patana naye mapema kwa maneno ya wazi: “Fundi, ukishabomoa nifahamishe, nikione chuma kabla hujakifunika.” Mwambie pia kwamba shibiri ile ya ziada imo katika bei, ili asiione kuwa ni kumwongezea kazi, na sehemu ya malipo ibaki mpaka siku ya saba, gunia linapoondolewa na pembe ikagongwa kwa mpini wa nyundo kutoka chini hadi juu. Ikilia utupu mahali popote, abomoe hapo arudie, kabla rangi haijapakwa.